Nyumba ya Yustina Ilipopakwa Kijivu

Kijivu. Kila ninakopita siku hizi ni kijivu. Ukuta kijivu, mlango kijivu, pazia kijivu, kochi kijivu, na mwenye nyumba amesimama katikati na fulana ya kijivu anapigwa picha. Nimepaka rangi nyumba za Karatu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeona rangi nyingi zikija kwa mbwembwe na kuondoka kimyakimya, lakini hii imenikera kuliko zote, na nawaandikia ninyi mnaoshika brashi leo ili mjue ni kwa nini. Kama mnadhani ni bibi aliyestaafu anayeonea wivu mambo mapya, someni hadi mwisho kwanza.

Sina ugomvi na mambo mapya. Nilipoanza kazi, jambo jipya lilikuwa rangi ya mafuta nusu ya ukuta, chokaa juu yake, na mstari mwekundu katikati kama ofisi ya kata. Ikaja pinki, kila chumba cha kulala kikawa kama keki. Ikaja rangi ya chungwa sebuleni. Likaja dari la jipsamu lenye taa za bluu na kijani zinazozunguka, mtu anakula ugali na dagaa kwenye mwanga wa baa. Yote nimepaka, mengine huku najiuma midomo nisicheke. Mwalimu mmoja wa pale mjini alinitaka nimpakie sebule zambarau, kuta zote nne. Wiki ya pili akaniita nirudishe rangi ya zamani. Nilipomuuliza kulikoni, akasema mume wake ameanza kulia chakula jikoni.

Mtu na macho yake. Anayependa zambarau apake zambarau, na akichoka aniite tena. Kinachonipandisha hasira ni kitu kingine, na ili mkielewe lazima niwaambie nilivyofundishwa.

Alinifundisha mzee mmoja Mwiraqw aitwaye Tluway, fundi mwenye ulimi mkali na kikohozi kisichoisha. Wakati huo mwanamke kushika rola hapa Karatu ilikuwa kituko. Nafika kwenye nyumba na ndoo mkononi, mwenye nyumba ananitazama, anatazama nyuma yangu, halafu anauliza, "Sasa fundi yuko wapi?" Tluway anajibu kabla sijafungua mdomo. "Ndiye huyo. Mimi nimekuja kunywa chai."

Na kweli alikuwa amekuja kunywa chai, maana ndivyo alivyoanza kila kazi. Kabla ya kufungua kopo, aliomba kiti. Hakutaka kiti cha mgeni, alitaka kiti cha yule anayeshinda ndani ya nyumba ile kuliko wote, na mara nyingi kilikuwa kigoda cha mama au cha bibi. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua lihame dirishani. Alitazama moshi unatokea wapi. Alitazama watoto wakikimbia wanashika ukuta sehemu gani. Alitazama mama akitoka na sufuria ya moto mikononi anausukuma mlango kwa kiwiko au kwa mguu. Hiyo aliiita kuikalia nyumba. Jioni alisimama, akajinyoosha mgongo, akasema wapi pawe peusi, wapi pawe peupe, wapi pasiguswe. Rangi yenyewe, jina lake, aliwaachia wenye nyumba wagombane.

Mimi nilidhani ni uvivu. Siku moja alikuwa mgonjwa, akanituma peke yangu Rhotia nikapake jiko la mama mmoja. Nikaona nimepata uhuru wangu. Sikukaa hata dakika. Nikapaka kuta zote rangi ya mafuta nyeupe, ikang'aa mpaka kuku wakaogopa kuingia, nikarudi nyumbani naimba. Yule mama alipikia kuni, na jiko lile lilikuwa na dirisha moja dogo. Baada ya mwezi Tluway akanipeleka nikaone kazi yangu. Masizi yalikuwa yameteremka ukutani michirizi michirizi, na yule mama amesimama pembeni anatuomba radhi sisi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea kwa kupika. Tluway hakunigombeza. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, akauliza neno moja.

"Uliikalia?"

Nilisugua lile jiko siku tatu kwa sabuni ya unga na majivu, mpaka kucha zikauma. Sijawahi tena kuingia kwenye nyumba ya mtu na jibu mfukoni.

Mengine mliyoyaacha nitayasema kwa haraka, maana na yenyewe yananiudhi. Udongo wetu ni mwekundu na mvua yetu hupiga chini ikaruka juu. Ndiyo maana wazee walipaka sehemu ya chini ya ukuta wa nje rangi nyekundu iliyoiva, mpaka usawa wa goti. Ninyi mnashusha nyeupe mpaka ardhini kwa sababu kwenye simu inapendeza. Masika moja tu, nyumba nzima imevaa soksi nyekundu, halafu mnamwambia mteja rangi ya dukani ilikuwa feki. Haikuwa feki. Ulipaka nyumba ya Karatu kama iko juu ya zulia.

Sasa nije kwenye loji, maana huko ndiko tulikoharibikia, na mimi nikiwemo.

Loji za watalii zilipoongezeka, tulipata kazi mfululizo. Walikuja madizaina na karatasi zao za rangi, wakataka kuta zenye sura ya udongo. Tulichanganya rangi siku nzima kupata ile ya ukuta uliosilibwa kwa mavi ya ng'ombe. Askari mmoja wa pale, Mmasai aliyetokea Olbalbal, alikuja akausogelea ukuta, akaugusa, akanusa kidole.

"Mama, hii si ni nyumba ya yeyo wangu?" akaniuliza, akimaanisha mama yake mzazi.

"Ndiyo hiyo."

"Na mzungu analala humu kwa pesa?"

"Kwa pesa nyingi."

Akatikisa kichwa. "Basi mimi mjinga. Nimeuza madume mawili niweke marumaru."

Tulicheka sana. Lakini angalieni kilichofanyika kwenye loji zile. Vyumba ishirini, vyote rangi moja, kwa wiki mbili. Ukimwambia msimamizi unataka kiti ukae siku nzima utazame jua, atakuona umelewa. Na ukae umtazame nani? Chumba cha loji hakina mwenyewe. Mgeni analala siku mbili, anapiga picha, anakwenda kreta kutazama wanyama, amekwisha. Hakuna anayezeeka mle ndani. Hakuna anayekwenda chooni gizani akiwa na miguu iliyovimba. Nikaacha kukaa. Nikachukua vijana wa kunisaidia, nikawafundisha kupiga msasa, kuskimu ukuta ulainike, kukata kona bila tepu, kuosha brashi. Aliyekuwa hodari kuliko wote ni Elibariki. Mkono wake umenyooka kuliko wangu, nasema hili bila kinyongo. Yeye ndiye niliyemwachia wateja wangu magoti yaliponishinda.

Mkumbukeni huyo Elibariki.

Yustina anaishi Endamarariek, kwenye nyumba ya matofali aliyojenga na marehemu mume wake. Mume amezikwa hapo nyuma, karibu na migomba. Yustina amenizidi miaka michache, namwita dada, na urafiki wetu ni wa tangu tukiwa wasichana wa kwaya. Ana presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitunzwe. Kinachobaki ni kidogo. Anaona mwanga na kivuli, na anaona rangi nzito ikiwa imekaa kando ya rangi nyepesi. Uso wako hauoni, ila anajua umesimama wapi.

Macho yalipoanza kumwishia, miaka kadhaa iliyopita, aliniita. Siku hiyo nilimkumbuka Tluway kuliko siku zote. Niliomba kiti chake, nikakikalia tangu asubuhi, yeye akawa anatembea ndani ya nyumba yake na mimi namtazama. Nilimwekea vipande vya rangi ukutani, nikamuuliza kimoja kimoja.

"Hiki unakiona, dada?"

"Hicho hapana. Hicho ni ukungu."

"Na hiki?"

"Hicho ni bluu. Hicho kinaniita."

Basi tukapaka kuta rangi ya krimu, na fremu za milango bluu iliyokolea, ile ya mafuta. Mlango wa choo nikaupaka wote bluu, ili asiukosee. Kati ya sebule na korido kuna kidaraja cha kushuka, hatua moja tu, na ukingo wake nikaupiga mstari mweupe mpana juu ya saruji nyekundu. Kila ulipofifia nilirudi kuupiga tena. Majirani walicheka, wakasema nyumba imekuwa kama chekechea. Yustina mwenyewe alicheka nao. Lakini alipika mwenyewe, alilisha kuku wake mwenyewe, na mgeni akija alimtangulia mpaka sebuleni bila kushika ukuta. Wengine waliondoka bila kujua kwamba mwenyeji wao haoni. Miaka yote hiyo hakuna aliyemshika mkono Yustina ndani ya nyumba yake.

Binti yake, Neema, anafanya kazi Arusha. Si mtoto mbaya, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi, maana mtoto mbaya ningemtukana nikamaliza. Mwaka huu mtoto wake alikuwa anapata kipaimara, na sherehe ikapangwa ifanyike kwa bibi. Neema akaona aibu. Watu wa ofisini kwake wanakuja, nyumba ina milango ya bluu kama zahanati. Akampeleka mama yake Arusha wiki mbili, kwa kisingizio cha kliniki ya macho, ili nyumba ibadilishwe, amshtukize akirudi. Akamtafuta fundi hodari wa Karatu, na kila mtu akamtajia Elibariki. Akamtumia picha kwenye simu.

Elibariki alifanya kazi safi sana, naapa. Ukuta kijivu, umelainika kama kioo. Milango kijivu ile ile. Fremu kijivu. Sakafu ikawekwa marumaru za kijivu, mpaka kwenye kile kidaraja, na hazikuacha mstari wowote, maana mstari unaharibu picha.

Mimi nilikuwepo siku Yustina aliporudi, ndiyo siku yenyewe ya sherehe. Sikuambiwa lolote kabla. Nilifika na ndizi zangu kama wageni wengine, nikasimama mlangoni, nikaona kijivu kila upande. Sikupata nafasi hata ya kuvuta pumzi, gari likawa limefika. Wakamshusha, wakamwongoza mpaka sebuleni, wakapiga makofi. Ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka. Yustina alisimama katikati ya sebule yake, akageuza kichwa huku na huku.

"Mbona mmefunga madirisha?" akauliza.

Wakacheka, wakadhani ni utani. Madirisha yote yalikuwa wazi.

Nilipaswa kusema siku ile ile. Sikusema. Ilikuwa sherehe ya mtoto, padri yupo, nikaona nitamwaibisha Neema mbele ya wageni wake. Huo ukimya ni wangu, nausema mwenyewe kabla hamjaniuliza.

Siku ya tano Yustina alianguka kwenye kile kidaraja, akavunjika kifundo cha mkono. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta ameketi kwenye kiti kilekile, mkono umefungwa plasta, na chini ya kiti kuna ndoo yenye mfuniko. Sikuhitaji kuuliza ndoo ya nini. Mwanamke aliyekuwa akitangulia wageni sebuleni sasa alikuwa anasubiri watu watoke nje ndipo ajisaidie kwenye ndoo, ndani ya nyumba yake, kwa sababu mlango wa choo umeyeyukia ukutani. Neema alikuwa ameamua kumhamishia Arusha moja kwa moja. Yustina alinishika gauni.

"Katarina, waambie mimi sijawa mtoto," alisema. "Nyumba ndiyo imepotea. Mimi nipo."

Nilipanda bodaboda, nikamfuata Elibariki mpaka kwenye saiti yake. Alishuka kwenye ngazi anatabasamu. "Saita, mama," akanisalimu, kama alivyozoea.

"Uliikalia?" nikamuuliza.

"Kukalia nini, mama?"

"Nyumba ya Yustina. Uliikalia?"

"Mama, mteja alinitumia picha. Nimempa kilichokuwa kwenye picha, hata yeye alifurahi. Kuna kasoro?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, mengine hayaandikiki. Lakini nikamtazama usoni. Yule kijana hakuwa anajitetea. Hakuwa anajua ninauliza nini. Nilimfundisha mkono wake wote, nikamfundishia kwenye vyumba visivyo na watu, na kile kitu kimoja alichonipa Tluway sikumpa. Nilikiacha loji, kwa haraka zangu. Hasira niliyokuja nayo ilinigeukia, na bado haijanitoka.

Sikumweleza. Nilimwambia apande nyuma ya bodaboda nyingine, tukaenda Endamarariek. Nilikata kipande cha ile nailoni nyeupe tunayofunikia makochi, nikaikunja mara mbili, nikamfunga machoni. Mwanga unapita, sura ya vitu haipiti. Nikamkalisha kwenye kiti cha Yustina, na Yustina nikamsogeza kando.

"Nenda chooni," nikamwambia.

Alisimama. Mikono mbele. Akaenda mpaka ukutani, akaupapasa akitafuta mlango, akakosa, akarudi. Akajaribu tena upande wa korido. Nilijua anakwenda kwenye kidaraja, na sikumzuia. Alidondoka kwa magoti yote mawili, kishindo kikasikika mpaka nje.

Yustina aligeuza kichwa kufuata ule mlio. "Pole, mwanangu," alisema kwa upole. "Hapo ndipo."

Elibariki hakuinuka haraka. Alikaa pale chini na nailoni yake usoni. Alipoivua, hakunitazama mimi. Alimtazama Yustina, akatazama ndoo, halafu akaomba arudi kwenye kiti akae. Alikaa mpaka jua lilipohama dirishani. Hakuna aliyemlazimisha. Kesho yake alikuja na msasa, na bluu ya mafuta.

Neema alipiga simu anafoka. "Mama mdogo, hujui nilivyohangaika na hiyo nyumba. Mnairudisha ushamba."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Umempeleka mama yako kwa daktari wa macho, na huku nyuma ukamzimia yale yaliyobaki." Alikata simu. Siku mbili hakupiga. Siku ya tatu alimpigia Elibariki, siyo mimi, akamuuliza kama bluu imetosha mlango wa choo au aongeze kopo jingine. Maneno ya kuhamia Arusha hayajatajwa tena. Mama yake amebaki kwake.

Kwa hiyo mnaweza kusema yamekwisha, nyumba imerudi. Fremu ni bluu tena. Ukingo wa kidaraja Elibariki ameupiga mstari mweupe, na anarudi kuutazama bila kuitwa. Ndoo imeondoka chini ya kiti.

Lakini ninyi mnaoshika brashi, sikieni hili, maana ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Juzi nilikwenda kumtembelea. Tulikunywa chai, tukasengenya watu wa kwaya, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasimama aende chooni. Akaugeukia ule mlango, bluu tupu, jua limeupiga, hata mimi niliona jinsi unavyoita. Akapiga hatua moja, akasita.

"Katarina," aliniuliza, "leo hawajabadilisha?"

"Hawajabadilisha, dada. Uko palepale."

Alisimama pale muda mrefu, uso ukiuelekea mlango aliokuwa anauona. Kisha akaninyooshea mkono.

"Hebu tangulia wewe," alisema.